Mfalme wa Kopa

Mimi karata nazijua. Nimekulia Tanga, barazani, ambako watu wazima walinuniana wiki nzima kwa ajili ya turufu moja. Lakini hakuna aliyewahi kunitoza hela ili anionyeshe karata.

Hapa kazini kwetu London kuna dada anayetazamia watu kwa karata za taroti saa ya chakula cha mchana. Nikampelekea swali: bosi nimfuate nimdai nyongeza ya mshahara, au nitulie anikumbuke mwenyewe? Pauni 10, jamani!

Karata zake ni 78: turufu 22 zenye namba 0 hadi 21, na nyingine 56 za aina nne, yaani vikombe, panga, fimbo na sarafu. Nikaguna. Si ndiyo kopa, shupaza, pau na uru tulizoachiwa na Wareno? Kwa Kireno maana yake karibu ndiyo hiyohiyo. Nimevuka bahari kuja kulipia kopa!

Akachota tatu. Picha alizichora Pamela Colman Smith, zikatoka hapahapa London mwaka 1909, na mama huyo hakuwa mchoyo wa balaa. Ya kwanza, mfalme wa vikombe: kakaa kwenye kiti cha enzi katikati ya bahari, kikombe mkononi, hana haraka na mtu. Bosi wangu mtupu. Ya pili, Mnara: umepigwa radi, watu wawili wanaporomoka. Ya tatu, tisa ya panga: mtu kaketi kitandani usiku, kajifunika uso kwa viganja. Huyo ni mimi, kila tarehe 25.

Nikajua tumemaliza. "Bado," akasema. "Tutafute karata ya muhtasari."

Unajumlisha namba za karata zote. Jumla ikivuka 21, unajumlisha tarakimu zake mpaka uangukie kwenye turufu. Mnara ni 16, panga ni 9. Na mfalme je? Mfalme hana namba. Dada akasema yeye wafalme huwahesabu sifuri. Basi 25, mbili na tano, saba: Gari la Vita. Ushindi! Mfuate bosi!

Nimeshanyanyuka, mwenzake aliyekuwa anatafuna mkate pembeni akadakia: "Mimi mfalme namhesabu 14." Ikawa 39, tatu na tisa, 12: Mtu Aliyetundikwa. Ananing'inia kwa mguu mmoja, kichwa chini. Maana yake subiri.

Wakaanza kubishana, mimi nimesimama kama bendera isiyo na upepo.

Kwa babu yangu ubishi haukuwepo. Alihesabu nyota kwa jina lako na la mama yako: alifu moja, be mbili, jimu tatu, akaondoa kumi na mbili kumi na mbili, kilichobaki ndiyo nyota yako. Ukiikataa, alikuuliza kwa upole kama una hakika na jina la mama yako. Ulinyamaza.

Nikaomba nirudishiwe pauni 5, maana jibu nimepewa nusu. Hapo wote wawili wakapatana ghafla: kumi ni kumi.

Wiki ya tatu hii. Kila bosi akipita ukumbini namkodolea macho, nashindwa kukata shauri: sifuri, au 14?