Ndege Wasio na Nauli

Nasikia matajiri wa Ulaya hukata tikiti ya marikebu iendayo Svalbard, wakajitia makoti mazito, wakasimama sitahani tangu alfajiri na darubini shingoni, ili wamwone ndege mmoja, wamtie alama daftarini, kisha warejee kwenye chai. Nami sina inda nao, kwani fedha ni zao na baridi ni yao. Ama sisi wa Ngara, ambao mbayuwayu hutujia kila mwaka kutoka huko huko Ulaya, bila pasi wala nauli, wakajipanga juu ya waya wa umeme mithili ya shanga, hata kichwa hatuinui. Juzi hapo Rusumo nilimkuta mgeni ameyapa mgongo maporomoko yote, akikodolea macho kijidege mafunjoni, na kijana wa bodaboda akamwuliza kwa adabu kamili: “Shikamoo mzee, huyo analiwa?”

Wala si kwamba hatuna pa kuwatazamia ndege: sisi na jirani zetu wa Biharamulo tumepewa tangu 2019 Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707, na wengi wetu twaijua kwa kibao chake cha barabarani. Msomaji, fanya hima uinue kichwa: mwisho wa Aprili mbayuwayu huwa wamekwisha kwenda zao.