Kipanya Chavishwa Soksi

Mimi makubwa sijawahi kuomba. Nilitaka gari la kulala, basi. Watu wanapanda Njombe, wanalala garini, asubuhi wanakunywa chai wakitazama ukungu. Na mimi si mtu? Nikanunua HiAce, kipanya kilichostaafu, mstari wa ruti bado uko ubavuni. Nikang'oa viti. Nikatandika mkeka. Nikajua kazi imekwisha.

Fundi wa mtaani akachungulia, akacheka mpaka akashika mlango. "Bosi, Njombe ya mwezi wa saba unalala juu ya bati?"

Mimi bati najua liko juu ya nyumba. Kumbe! Tena kwenye HiAce injini imekaa chini ya viti vya mbele, bomba la moshi linapita huko chini. Mchana sakafu inakuchoma, usiku inakugandisha. Pumzi yako yenyewe ikigusa bati la baridi inageuka maji, maji yanatuama kwenye yale mabonde ya sakafu, yanazaa kutu. Yaani nimenunua gari ambalo hata kupumua ni kuliharibu! Mama watoto kusikia hivyo, akasema basi nikoromee nje.

"Kivishe soksi," fundi akasema. Rahisi kutamka.

Kwanza kutu. Brashi ya waya, msasa, rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Gari lilipata kidogo, nyingine yote niliipata mimi. Halafu matundu ya boliti za viti. Usipoyaziba, vumbi na madimbwi ya barabarani yote wageni wako. Nikaenda kununua silikoni. Kijana wa duka akauliza ni ya kioo au ya bafuni. Nikamwambia ya gari. Akamwita mwenzake aje anione.

Sasa soksi yenyewe. Inatakiwa povu gumu, lile la vibao, limefungia hewa humo ndani ili joto lisipite. Bei nikaiona, nikatoka. Nikaokota yale meupe yanayokaa kwenye katoni za TV. Bure! Upepo wa Dar ukayakuta njiani, punje zikanijaa kichwani, mtoto wa jirani akaniamkia "Shikamoo babu". Nikayapanga garini. Nikakanyaga. Kwii! Hatua nyingine, kwii! Na pale nilipokanyaga pamebonyea, kisigino kimechorwa vizuri kabisa.

Nikarudi kununua vibao vya inchi moja. Katikati ya vibao unapanga fito za unene uleule, ndizo zinabeba uzito. Fito nikataka kuzipiga skrubu. Fundi akaniuliza taratibu, "Mzee, tangi la mafuta liko wapi?" Nikamwonyesha pale pa kujazia. Akachukua drili yake, akaondoka nayo. Fito zikapigwa gundi.

Plaiwudi nikaifuata mwenyewe na kipanya changu. Nasimama foleni, mlango wa pembeni ukafunguliwa, mama mmoja akapanda na ndoo. Nyuma yake vijana. "Mama, hii si daladala." Akatazama huku na huku. "Mwanangu, mnang'oa viti mpate kujaza watu, halafu mnatuona wajinga?" Akaketi juu ya povu langu. Nikampeleka mpaka kituoni kwake. Nilipomwambia shikamoo mama, ahsante, akanipa nauli ya mwanafunzi.

Plaiwudi ni milimita 12. Matairi ya nyuma yana nundu zake ndani ya gari, kwa hiyo unapima kwanza kwa katoni. Nikapima upande wa kulia, nikachora, nikakata. Nikaingiza. Nundu iko kulia, tundu liko kushoto! Plaiwudi inakugeuka hivihivi unaiangalia. Fundi akasema niipindue tu. Nikaipindua. Upande mzuri ukaangalia chini, ule wenye mafundo ukaniangalia mimi. Kapeti la plastiki likafunika aibu yote, na povu la bei, na fito, na rangi. Jirani akaja kuona. Akaniuliza, "Sasa umefanya nini?"

Nikamwingiza mama watoto akague. Akavua viatu, akapapasa kapeti kwa mguu, akasema enhee, hapa pana joto. Nikavimba. Nikapiga magoti sakafuni, nikanyoosha shingo kwa maringo, paa likanigonga.

Akalitazama paa, akanitazama mimi.

"Na godoro la inchi sita bado, baba Neema?"