Mabingwa wa Risasi Wasio na Bunduki

Hapa Sapiwi, mkoani Simiyu, kila mtu anajua habari za bunduki, isipokuwa mwenye nayo. Huyo hukaa kimya, maana akifungua mdomo tu, kesho yake ataulizwa kibali. Tunaotembea na fimbo ndio tunaobishana kijiweni mpaka chai inapoa.

Mada ya wiki hii: bunduki gani inamfaa swala aliye karibu, hatua 50 hivi, kichakani? Jirani yangu mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, anaapa kwamba bila .375 unajisumbua. Nikamwambia, "Baba, hiyo ndiyo sheria inayoidai kwa nyati, simba na tembo." Risasi yake ina gramu 19. Digidigi mzima ana kilo 5, pamoja na kwato zake. Ukimtandika kwa hiyo, utarudi nyumbani na vijipembe na hadithi. Akanitazama kwa huruma: "Ng'wanawane, wewe bunduki huzijui."

Kijana wa bodaboda naye anashikilia .22, ya gramu 2.6. Sababu yake ni moja: haina kelele. Sasa mtu mwenye leseni anaogopa kelele ya nini? Tena swala pala wa kilo 50 hafi kwa kadude hako. Anakwenda kufia mbali, anayekula ni fisi. Mnyama wa uzito huo anataka kitu cha katikati, kama .243 yenye risasi ya gramu 6: inaangusha, na paja linabaki paja.

Nikadhani nitawanyamazisha kwa kumtaja Walter Bell, Mskoti aliyewinda tembo kule Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 ambayo kwa tembo ilionekana mchezo wa watoto. Alikuwa akipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo umekaa wapi, kisha anapiga hapo hapo. Kijiwe kikatulia kidogo. Halafu kijana wa bodaboda akauliza, "Huyo Bell, pikipiki alikuwa nayo?"

Mambo yakaharibika zaidi tulipofika kwenye kujaza risasi kwa mkono. Wenzetu Marekani hujifungia gereji na mizani ndogo, wanapima baruti punje kwa punje, wanajaza maganda yaliyokwisha kutumika, kila risasi ifanane na mwenzake. Jirani akacheka. Kwani gobore ni nini? Unamimina baruti mtutuni, unashindilia kitambaa, unatia vipande vya chuma, unaweka fataki, unamwomba Mungu. Mizani ni kiganja, na viganja havilingani. Baruti ikipungua, vyuma vinadondoka miguuni pako. Ikizidi, mtutu unapasuka, na jicho haliuzwi dukani. Ikinyeshewa, unasikia "ta!" halafu kimya, swala anakutazama kama mtu aliyeitwa bure. Ndiyo maana serikali ikitangaza msamaha wa kusalimisha silaha, magobore hujitokeza kutoka kwenye madari ambayo wenyewe walikuwa wakiapa hayana kitu.

Kinachoniudhi ni kwamba katika kelele zote hizo hakuna aliyetaja leseni. Pori la Akiba Maswa liko mkoani humu humu; wageni huja kuwinda huko na karatasi zao zimekamilika hadi mhuri wa mwisho. Sisi tunachagua risasi kabla ya kibali. Na kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, nyama ile isiyo na kibali, hata ikiwa tayari imeungwa karanga, jina lake mahakamani ni nyara za Serikali. Hakimu hatakuuliza ulitumia .22 au .375.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama leseni ya bunduki unayo na kibali cha kuwinda unacho, chukua bunduki ya wastani, msogelee mnyama, umpige nyuma ya bega mara moja. Kama huna, pita buchani ununue nusu kilo ya ng'ombe, na uniachie chai yangu ninywe ikiwa moto.