Kufuli la Kitabu: Njia Saba, Kuanzia ya Hovyo Hadi ya Kuaminika

Hapa Milanzi, Manispaa ya Sumbawanga, kifaa kimoja hulisha wasomaji wengi. Mchana mwalimu yuko nacho darasani, jioni baba anatafuta habari za ufugaji wa kuku, na usiku, baridi ya Ufipa ikishabisha hodi, watoto wanagombea hadithi chini ya blanketi moja. Tangu vishikwambi vya Sensa ya Agosti 2022 vikabidhiwe kwa walimu, swali ni moja: kitabu ambacho si cha kila jicho kinafungwaje? Tuhesabu kurudi chini, tukianza na kufuli la hovyo kuliko yote.

7. Jina la bandia

Riwaya ya mapenzi unaiita "Muhtasari wa Kikao cha Kata", kisha unalala usingizi mnono. Mtoto wa darasa la sita ataifungua kesho yake, kwa sababu tangu lini baba akasoma muhtasari huku anatabasamu? Jina jipya halifungi chochote; linabadilisha kibandiko tu, na maandishi yote yamebaki wazi.

6. Mchoro wa kidole

Unachora herufi Z kwenye kioo, kifaa kinafunguka. Tatizo ni kwamba umetoka kula ugali wa ulezi na migebuka, na mafuta ya samaki yameiacha Z yako inang'aa kwenye kioo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha kuwa alama hizo za vidole zinatosha kuusoma mchoro. Namba ndefu ni bora zaidi, ilimradi isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Huo familia nzima inaujua, wamekuimbia mara ngapi?

5. PDF ya "usinakili, usichapishe"

PDF ina nywila za aina mbili. Moja inazuia kufungua, nyingine inazuia kunakili na kuchapisha tu. Hii ya pili ndiyo inayodanganya wengi: kitabu kinafunguka kwa yeyote, na katazo linategemea programu inayokisoma ikubali kulitii. Zipo zisizotii. Mwalimu, mtihani wa mwezi usiuweke hapa. Utausikia ukijadiliwa kituo cha bodaboda kabla hujaingia darasani.

4. Namba ya siri ya Kindle

Kindle, kisomaji cha vitabu cha kampuni ya Amazon, ilitoka Novemba 2007, na chaji yake hudumu wiki kadhaa, jambo la kushukuru umeme unapokatika. Ina namba ya siri, lakini inafunga kifaa kizima. Kitabu kimoja peke yake hakifungiki. Unaweza pia kuwazuia watoto wasiingie dukani wala kwenye intaneti. Ukisahau namba, unalazimika kukifuta kifaa chote: vitabu ulivyonunua utavipakua upya, ila vile ulivyoingiza mwenyewe kwa waya, poleni kwa msiba. Weka nakala kwingine mapema.

3. Kufuli la mwenye duka

Vitabu vingi vinavyouzwa mtandaoni huja vimefungwa tayari. Nakala yako haifunguki kwenye kifaa cha jirani mwenye akaunti nyingine. Imara, ndiyo, lakini ufunguo ameushika nani? Julai 2009 Amazon ilifuta kutoka kwenye Kindle za wateja nakala za vitabu viwili vya George Orwell, kwa kuwa aliyeviingiza dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Fedha zilirudishwa, na mkuu wa kampuni wakati huo, Jeff Bezos, akaomba radhi. Kimoja tunakijua sana: *Shamba la Wanyama*, alichokitafsiri Fortunatus Kawegere mwaka 1967. Nakala ya karatasi iliyo kabatini Milanzi hakuna wa Amazon awezaye kuifuta. Heshimuni makabati yenu.

2. PDF ya nywila ya kufungua

Sasa tunazungumza! LibreOffice ni programu ya bure: unapohamisha andiko kuwa PDF, ingia sehemu ya usalama, weka nywila ya kufungua. Maandishi yenyewe yanavurugwa kwa hesabu, na bila nywila hayasomeki, hata kwako uliyeyaandika. Basi chagua maneno manne yasiyohusiana, mathalani "ulezi darubini kasanga pazia". Hayo msiyatumie, mji mzima umeshayasoma.

Waandishi wetu wa riwaya wanaouza PDF kwa WhatsApp wanaweza kuitegemea njia hii, nami nawaunga mkono kwa moyo wote. Jasho lao lilipwe. Lakini, ndugu msomaji, nywila ikisafiri basi moja na faili, kondakta anavyo vyote viwili. Nywila itumwe kwa njia nyingine, na aliyelipa asiisambaze.

1. Kila mtu akaunti yake

Mshindi hafungi kitabu hata kimoja! Tangu Android 4.2 ya mwaka 2012, vishikwambi vingi vinaweza kuwa na watumiaji kadhaa, kila mmoja na namba yake ya siri, programu zake na vitabu vyake. Tazama kwenye mipangilio, sehemu ya watumiaji. Mama ana riwaya zake, mtoto ana hadithi zake, hakuna anayemchungulia mwenzake. Na kishikwambi cha shule, mwalimu, kibaki cha kazi ya shule.

Naipa nafasi ya kwanza kwa sababu inampa mtoto mahali pake pa kusoma. Kufuli zikizidi, mtoto hujifunza kwamba vitabu ni vitu vya kukatazwa, na huo ni ulinzi unaotugharimu wasomaji. Fungeni mitihani, alama za wanafunzi, barua za siri na riwaya za wakubwa. Kamusi, hadithi na vitabu vya kiada kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania viacheni wazi kabisa, kwenye kila akaunti, kwa kila mtoto wa Milanzi anayejua kusoma na kwa mdogo wake anayesikiliza.