Mchele wa Kukimbilia

Makambako ni njia panda, na penye njia panda kila mtu anauza kitu. Basi la Songea likisimama tu, madirisha yanajaa mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha, karanga na soksi. Hao sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na vijana wa tai.

Kijana wa tai anauza afya. Ana meza, mwavuli na ile mashine ya kupima mwili mzima. Unashika kijiti cha chuma, kompyuta inatafakari kidogo, printa inatema karatasi: figo zimechoka, damu nzito, mifupa imeanza kulika. Sijawahi kuona aliyeshika kijiti kile akaambiwa mzee uko fiti, kapande gari uende zako.

Juzi nilikuwa nasubiri Coaster ya Njombe, nimevaa raba kwa sababu viatu vingine viko kwa fundi. Raba zikaniponza.

"Shikamoo mzee wangu. Naona wewe ni mtu wa mazoezi."

"Marahaba."

"Basi hii ndiyo yenu wanamichezo. Mchele wa chachu nyekundu, asilia, hauna kemikali hata chembe. Unaongeza pumzi, unajenga misuli. Njombe Mji wangekuwa nao wasingeshuka daraja."

Hapo alinigusa pabaya. Njombe Mji walicheza Ligi Kuu msimu wa 2017/18, na msimu huohuo wakarudi walikotoka. Mtu mzima hakumbushwi msiba wake stendi. Bei elfu themanini, "lakini kwako mzee wangu, sabini." Kikopo cha vidonge! Kwa hela hiyo napata mchele wa Mbarali wa kulisha ukoo mzima, na ukoko ukabaki.

Mchele wenyewe upo kweli, sikatai. Wachina wameuchachusha karne na karne kwa kuvu iitwayo Monascus, wakiutumia kutia rangi nyama na pombe. Mwaka 1979 Mjapani Akira Endo alipata kwenye kuvu ya jamii hiyo kitu akakiita monacolin K. Kumbe ni kilekile lovastatin, kidonge cha kushusha kolesteroli kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1987. Kilekile, hakuna tofauti hata ya punje. Kwa hiyo huo mchele usio na kemikali umebeba dawa ya hospitali tumboni, ila umekuja bila daktari.

Na kolesteroli unashusha. Lakini mkimbiaji wa kilo 55 anayepandisha kilima cha maporomoko ya Luhuji kila alfajiri, anashusha ya nani? Kinachonichekesha mpaka nakasirika ni kwamba lalamiko linalosikika sana kwa watumiaji wa dawa za jamii hii ni maumivu ya misuli. Mara chache misuli yenyewe inameguka, mkojo unatoka kama chai ya rangi, figo zinaelemewa. Yaani unamuuzia mtu kitu kinachoweza kumlemaza paja, huku unamwapia kinajenga paja.

Kipimo nacho ni bahati nasibu. Watafiti wa Marekani walipima aina 12 za vidonge hivi, wakatoa majibu mwaka 2010: kidonge cha aina moja kina miligramu 0.1 ya monacolin K, cha nyingine 10. Aina nne zilikutwa na sitrinini, sumu ya kuvu inayoharibu figo. Ulaya mwaka 2022 wakaamua kwa siku isifike miligramu 3. Machi 2024 kampuni ya Kobayashi huko Japani ikaviondoa vidonge vyake sokoni baada ya watu kuugua figo, mamia walilazwa. Hiyo ni Japani. Sisi tunanunua chini ya mwavuli.

Nikamuuliza kijana, "Mwanangu, namba ya TMDA iko wapi hapa?"

"Mzee, hii si dawa, ni chakula."

"Basi nionyeshe ya TBS, maana chakula kimehamia kwao tangu 2019."

Akageuza kopo huku na huku. Pande zote ni Kichina. Akaniambia nina msongo wa mawazo, na kwamba msongo nao una kopo lake.

Halafu mtu anauziwa pumzi Njombe! Mji uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa nyembamba, mwili wenyewe unalazimika kuongeza chembe nyekundu za damu. Wazungu wanapanda ndege na kulipia kambi Iten, Kenya, kutafuta hewa ya namna hiyohiyo. Sisi tunaivuta bure, tunakula viazi na parachichi, tunashushia togwa, kisha tunakopa elfu sabini.

Jumamosi nilipofika jogging nikamkuta katibu ameshika kopo lilelile. Anataka klabu inunue kwa jumla, kwa hela ya jezi. Nikasimama nikaeleza yote: Endo, misuli, figo, Kobayashi. Walinisikiliza kwa adabu kweli, hata wale wa nyuma wanaopendaga kupiga stori. Nilipomaliza, dada mmoja akanyoosha mkono.

"Samahani mzee, na wewe unauza ya kampuni gani?"