Mfalme wa Ndururu

Tamaa ya mali ya ghafula ilinijia mwanzoni mwa mwaka wa 2020, nikiwa mwalimu mstaafu wa hapa Nyeri mwenye miche michache ya kahawa, mke mwenye subira, na jogoo mmoja ambaye sauti yake ilivuka hata Mto Chania. Kwani nilipata habari ya kuwa mtu mmoja huko Uingereza amenunua sarafu ya dhahabu ya Mfalme Edward VIII kwa paundi 1,000,000.

Taarikhi ya mfalme huyo naijua, maana nimeisomesha. Alitawala siku 326 tu za mwaka wa 1936, kisha akakiacha kiti cha enzi apate kumwoa Bibi Wallis Simpson, hata sarafu za kwao zenye sura yake zikabaki za majaribio, chache mno, zisitolewe rasmi kwa matumizi ya watu. Na hizo nazo alizitia ubishi: desturi ya Waingereza ni kila mfalme mpya aelekee upande usio wa aliyemtangulia, naye ilimpasa aelekee kulia, walakini akashikilia kushoto, kwa kuwa ndiko ilikoonekana njia ya nywele zake. Nimeitazama picha ya sarafu ile kwa miwani na bila miwani, nikaona kijana aliyenuna kama abiria aliyenyimwa chenji. Lau ingaliuzwa kwa uzuri wa sura, nisingalitoa hata debe la viazi.

Juma lile lile mke wangu alinituma soko la Karatina kumwuza jogoo, tukanunue birika jipya, maana la zamani lilikuwa limeng'oka kishikio cha kifuniko. Huko, kwa muuza vyuma vikuukuu, nikaiona ndururu, ile senti tano ya zamani, ya shaba, yenye tundu katikati, pembe za ndovu huku na huku, na upande wa pili taji na jina: EDWARDVS VIII. Muuzaji, aliyeisoma tamaa usoni pangu upesi kuliko mimi nilivyokisoma kile Kilatini, hakutaka fedha. Alitaka jogoo.

Nyumbani nikasema jogoo nimemkopesha mtu mwaminifu. Kesho yake nikapanda matatu kwenda Nanyuki, kwa mzee mmoja mkusanyaji wa sarafu, ndururu ikiwa ndani ya leso, leso ndani ya bahasha, bahasha ndani ya soksi. Na tangu Kiganjo hata Naro Moru nikawa naigawa ile milioni: fungu la shamba, fungu la kanisa, na fungu la kuwanyamazisha mashemeji.

Kuvua soksi sebuleni mwa mwenyeji si adabu, lakini nilivua. Mzee akaishika ndururu akaielekeza dirishani.

“Mwalimu, uso wake uko wapi?”

Nikachungulia. Palipostahili kichwa cha mfalme palikuwa na tundu, na ndani ya tundu lile nikaliona jicho la mzee likinicheka. Akanieleza kwa upole ya kuwa senti zetu zenye tundu hazikuhitaji sura, zilitosheka na jina; kwa hiyo wakati kule kwao mfalme akishindania shavu la kulia na la kushoto, hizi za Afrika Mashariki zilikwisha kufuliwa kwa mamilioni. Kisha akateremsha mkebe wa majani ya chai, akamimina mezani rundo la ndururu za 1936.

“Zilikuwa nyingi zaidi,” akasema. “Nyingine nilizifanya washa za misumari nilipoezeka banda la kuku.”

Kwa kutajiwa kuku, nikaomba maji.

Jioni mke wangu aliniuliza, “Baba Watoto, yule mwaminifu amelipa ngapi?”

“Senti tano,” nikajibu, nami sikusema uongo.

Aliipokea, akaigeuza, akaiingiza bisibisi mawazoni kabla ya kuiingiza mkononi: akaketi na kifuniko cha birika kuukuu, akatia skrubu katika tundu la mfalme, akakaza kishikio juu yake, kikashika barabara. Hata leo chai inapochemka Edward VIII hutikisika kidogo, lakini hashuki.