Mkubwa Hafungwi Kimyakimya

Ukiuliza mjini Melbourne klabu kubwa ya futiboli ya Australia ni ipi, utatajiwa Collingwood kabla hujafika kwenye alama ya kuuliza. Ubingwa wanao mara 16, lakini Carlton na Essendon nao wana 16, na hao wanaishi kwa kumbukumbu: Essendon tangu 2000, Carlton tangu 1995, vifua vingali mbele. Kilichowakweza Collingwood ni kufungwa hadharani. Fainali ya 1970, mbele ya watu 121,696 uwanjani MCG, walikwenda mapumziko wakiongoza kwa pointi 44. Carlton wakawashinda kwa 10. Baina ya ubingwa wa 1958 na ule wa 1990 walipoteza fainali nane, na mahasimu hawakukosa hata sherehe moja. Klabu ndogo ikifungwa, nani ana habari? Mwaka 2023 wanachama wa Collingwood walipita 100,000, wote wamelipa ada. Wala si ajabu, maana katika mchezo huu ukikosa goli kwa hatua chache tu, mwamuzi anapeperusha bendera na kukuandikia pointi moja.